Kumchezesha Mtoto Mdogo kwa Simu: Mwongozo wa Mzazi wa Mombasa

Ingia ghorofa yoyote ya Tudor au Mikindani saa kumi jioni, au keti kwenye benchi la kliniki kule Kisauni ukingoja jina liitwe, utamwona mtoto wa miaka mitatu akitelezesha kidole juu ya kioo cha simu bila kufundishwa na mtu. Nyumba nyingi za mjini hazina ua, nje kuna tuktuk na bodaboda, na mama ana wali mekoni. Simu hushikwa kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Simlaumu mzazi yeyote kwa hilo. Ninalotaka ni kwamba muda huo mfupi ambao mtoto atakuwa na simu umfae.

Mwongozo huu ni wa wenye watoto wa kati ya miaka miwili na sita, wenye simu ya kawaida ya Android, bando la kuhesabia, na stima inayokatika bila kupiga hodi. Nitazungumzia apu shirikishi, yaani zile zinazomjibu mtoto: anagusa, anaburuta, anachora au anasema, na kitu kinatokea kwa sababu yake. Video inayojichezea yenyewe huku mtoto ametoa macho si mojawapo.

Kipimo ninachotumia ni kimoja: simu ikishazimwa, je, mchezo unaendelea? Mtoto aliyekuwa akipanga maumbo kwenye skrini akaenda jikoni kupanga vifuniko vya sufuria kuanzia kikubwa hadi kidogo, basi apu ile imefanya kazi. Akibaki anaililia simu tu, hana la kusimulia wala la kuigiza, ifute. Hatua zote zinazofuata zinatoka kwenye kipimo hicho.

Hatua ya 1: Tazama umri kwanza

Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo yake kwa watoto wa chini ya miaka mitano mwaka 2019. Kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili, lilishauri asiketishwe mbele ya skrini kabisa. Kuanzia miaka miwili hadi minne, isizidi saa moja kwa siku, na ikiwa chini ya hapo ni bora zaidi. Mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji pia usingizi wa saa 10 hadi 13, ukihesabu na ule wa mchana.

Saa moja ni mwisho wa kamba. Hakuna haja ya kuimaliza. Kwa mtoto wa miaka mitatu, vikao viwili vya dakika kumi na tano vinatosha sana. Mpe wakati ambao hauligongi jambo jingine: baada ya kutoka chuoni kusoma Kurani na kuoga, kabla ya Magharibi, kwa mfano. Wakati wa kula simu iwekwe mbali, na saa moja kabla ya kulala pia, maana mtoto aliyetoka kwenye mwanga na kelele za mchezo hasinzii upesi.

Kwa aliye chini ya miaka miwili ninaacha mlango mmoja tu wazi: simu ya video na mtu anayempenda. Nitaurudia huko chini, kwa kuwa kwa familia nyingi za hapa huo ndio mchezo mkubwa kuliko yote.

Wazazi wengine huharakisha wakisema shule sasa inataka watoto wajue teknolojia. Ni kweli kwamba ujuzi wa kidijitali ni mmojawapo wa umilisi wa msingi saba katika mtaala wetu. Lakini mtoto anayeingia PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, akiwa na miaka minne hatachelewa kwa kukosa simu. Atakayepata taabu ni yule ambaye hajazoea kuzungumza, kuuliza, kushika penseli na kungoja zamu yake. Chagua apu zinazosaidia hayo.

Hatua ya 2: Tayarisha simu kabla ya kumpa

Usimkabidhi mtoto simu yako ikiwa wazi, yenye M-Pesa, vikundi vya WhatsApp na picha za kila mtu. Ikiwa kuna simu ya zamani kabatini, hata kama kioo kina mkwaruzo, hiyo ndiyo ya mtoto. Itoe laini, futa kila kitu, irudishe upya, kisha weka apu nne au tano tu. Ivalishe kava nene la raba.

Kama simu ni moja nyumbani, bado kuna la kufanya. Anza na nafasi. Simu nyingi tunazotumia hujaa upesi kwa video za harusi na salamu za Ijumaa zinazoingia kupitia WhatsApp. Zisafishe, la sivyo apu ya mtoto itakuwa inakwama kila dakika, naye atagonga kioo kwa hasira akidhani kosa ni lake.

Halafu funga mlango wa malipo. Katika Play Store gusa picha ya akaunti yako, ingia kwenye mipangilio, kisha washa sharti la kuthibitisha kila ununuzi. Kama uliwahi kuunganisha kadi au njia nyingine ya kulipa, iondoe. Mtoto wa miaka minne hawezi kutofautisha kitufe cha kuendelea na mchezo na kitufe cha kununua, na wapo watengenezaji wanaolijua hilo vizuri mno.

Jambo la tatu, ambalo wazazi wengi hawajui kuwa wanalo tayari, ni kubandika apu moja kwenye skrini. Simu za Android zina uwezo huo. Fungua Mipangilio, ingia sehemu ya usalama, tafuta kubandika apu, uwashe, na uchague simu iulize pini kabla ya kubandua. Kisha fungua apu ya mtoto, nenda kwenye orodha ya apu zilizofunguliwa karibuni, gusa aikoni ya apu hiyo na uchague alama ya pini. Kuanzia hapo mtoto hawezi kutoka akaingia kwenye ujumbe wako au akampigia bosi wako. Kubandua, kwenye simu nyingi unashikilia kitufe cha kurudi na kile cha apu za karibuni kwa pamoja, au unatelezesha kidole kutoka chini kwenda juu na kushikilia. Wenye iPhone wana kazi kama hiyo ndani ya mipangilio ya ufikivu. Ikishawashwa, unaianzisha kwa kubonyeza kitufe cha pembeni mara tatu, au kile cha chini kwenye simu za zamani.

Ukitaka udhibiti mpana zaidi, weka Family Link ya Google. Inakuwezesha kumfungulia mtoto akaunti iliyo chini yako, kuidhinisha kila apu kabla haijapakuliwa, kuweka kikomo cha dakika kwa siku, na kufunga simu yake ukiwa mbali. Inafaa hasa pale mtoto ana simu au tableti yake na mzazi yuko kazini bandarini au hotelini mchana kutwa.

Sasa la mwisho, rahisi kuliko yote: kabla ya kumpa simu, washa hali ya ndegeni. Matangazo mengi yanahitaji intaneti ili yaje, ukiikata, hayaji. Simu haitaita katikati ya mchezo, na bando halitaliwa. Hapo hapo utagundua kitu kuhusu apu yenyewe. Ikikataa kufunguka bila intaneti, haifai nyumba inayonunua bando la siku.

Na joto letu la Februari na Machi usilisahau. Simu iliyochomekwa kwenye chaja huku mchezo unachezwa hupata moto sana, na waya wa chaja mikononi mwa mtoto mdogo ni hatari peke yake. Chaji kwanza, chomoa, ndipo umpe.

Hatua ya 3: Ichunguze apu kabla mtoto hajaiona

Neno "elimu" kwenye jina la apu halina maana yoyote. Yeyote anaweza kuliandika.

Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, akiwemo daktari wa watoto Jenny Radesky, walichapisha uchunguzi wa apu 135 zinazotumiwa na watoto wa umri wa miaka mitano kushuka chini. Asilimia 95 zilikuwa na aina fulani ya tangazo. Mengine yalifichwa ndani ya mchezo wenyewe, na kulikuwa na mhusika anayetoa machozi mtoto asiponunua kitu. Fikiria maana yake kwa mtoto wa miaka mitatu: kikaragosi anachokipenda kinalia, na anaambiwa dawa ni kugusa kitufe cha malipo. Huko ni kumchezea mtoto moyo, na mimi sioni jina jingine la kuliita.

Kwa hiyo kabla ya kupakua, soma ukurasa wa apu. Chini ya jina lake Play Store huonyesha kama ina matangazo na kama ina ununuzi wa ndani. Shuka tena hadi sehemu ya usalama wa data uone inakusanya nini. Apu ya kupaka rangi haina kazi na orodha ya namba zako wala mahali ulipo. Ikiomba, ikatalie, na ikigoma kufanya kazi, iondoe. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla data ya mtoto haijashughulikiwa, basi usibonyeze kukubali ovyo kwa niaba ya mwanao.

Kisha icheze mwenyewe dakika kumi, mtoto akiwa amelala. Huku ukicheza jiulize maswali haya, nami nayapanga kwa uzito ninaoyapa.

Je, inanyamaza? Apu nzuri hungoja. Huuliza jambo kisha humwachia mtoto nafasi ya kufikiri, kusema, hata kukosea. Apu inayopiga muziki na fataki kila akigusa kioo haimwachii pumzi.

Je, ina mwisho? Hadithi ikiisha iseme imeisha. Mchezo usiojua kukoma, unaofungua mwingine wenyewe, ndio utakaokuletea kilio.

Je, anafanya nini hasa? Kugonga tu puto lipasuke ni kazi ya kidole. Kupanga, kulinganisha, kuchora, kuigiza sauti na kusimulia ni kazi ya akili.

Mwanasaikolojia Kathy Hirsh-Pasek na wenzake walieleza mwaka 2015 kwamba mtoto hujifunza kwa apu pale akili yake inapofanya kazi, asipovurugwa, jambo linapohusiana na maisha yake, na anaposhirikiana na mtu. Nataka usimame kwenye hilo la maisha yake. Apu inayomfundisha mtoto wa Likoni kuhesabu watu wa theluji haijakosea hesabu, lakini utalazimika kumsaidia. Ukiwa naye pembeni, watu watatu wa theluji wanaweza kufuatiwa na madafu matatu.

Hatua ya 4: Apu za kuanzia

Nianze na zile ambazo huhitaji kupakua: kamera na kinasa sauti. Zote mbili zimo ndani ya simu, hazina matangazo, hazili bando, na kwa kipimo changu zinashinda apu nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto. Mtoto wa miaka mitatu akirekodi sauti yake kisha akaisikia, hushangaa, hucheka, hurudia, hubadilisha. Hiyo ni apu shirikishi kamili. Namna ya kuzitumia nitaieleza katika hatua inayofuata.

Kwa hadithi za Kiswahili, tafuta African Storybook. Ni mradi ulioanzishwa Afrika Kusini na shirika la Saide mwaka 2014, na una vitabu vya picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Vyote ni bure. Ina apu ya kusomea, ambayo unapakua vitabu ukiwa na intaneti halafu unasoma bila intaneti, na nyingine ya kutungia kitabu chako mwenyewe. Hiyo ya pili ndiyo iliyonivutia zaidi, kwa sababu mtoto anaweza kuwa na kitabu chenye picha za paka wa kwao na jina la mtaa wao.

Khan Academy Kids ni bure kabisa, haina matangazo wala ununuzi, na imelengwa kwa watoto wa miaka 2 hadi 8. Ina hadithi, kuchora, hesabu, na michezo ya kutambua hisia. Kasoro mbili: ni nzito, kwa hiyo ipakue ukiwa kwenye waifai, na haizungumzi Kiswahili. Kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu anayezungumza Kiswahili nyumbani, usimwachie peke yake.

GCompris imetengenezwa na wanaojitolea chini ya KDE, jumuiya ya watengenezaji wa programu huria. Ina michezo zaidi ya mia moja kwa watoto wa miaka 2 hadi 10, bure, bila matangazo, na hufanya kazi bila intaneti. Sura yake haing'ai kama za kibiashara. Watoto hawajali hilo hata kidogo. Chagua mwenyewe michezo mitatu au minne, maana orodha nzima itamchanganya.

Akifika miaka mitano, na kama kuna tableti nyumbani, mwekee ScratchJr. Ilitoka mwaka 2014, ni kazi ya watu wa vyuo vikuu vya Tufts na MIT vya Marekani, kwa watoto wa miaka 5 hadi 7. Mtoto hupanga vipande vyenye picha ili kumwamuru paka atembee, aruke au aseme. Hahitaji kujua kusoma, na anaweza kurekodi sauti yake mwenyewe, kwa hiyo paka huyo atasema Kiswahili cha nyumbani kwenu.

Ubongo, shirika la Dar es Salaam lililoanzishwa 2013, lina vipindi vya katuni vya Kiswahili kwa watoto wadogo, vingi vikiwa YouTube. Vyenyewe ni vya kutazama. Lakini wahusika huuliza na kungoja jibu, na ukikaa na mtoto mkajibu kwa sauti, kipindi kinageuka mchezo. Mtafutie kimoja, kitazameni, kisha zima kabla YouTube haijaleta kingine.

Kabla sijaacha hatua hii, jambo moja la jirani zetu. Mkoani Tanga, ng'ambo ya mpaka, katika vijiji zaidi ya 150, watoto karibu 3,000 walipewa tableti zenye apu za kujifunzia kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili. Yalikuwa mashindano ya XPRIZE, na mwaka 2019 zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa kati ya washindi wawili, onebillion na Kitkit School. Apu za washiriki wa fainali zilitolewa bure, na msimbo wake, yaani maandishi yanayoziendesha, ukaachwa wazi kwa yeyote. Nayataja kwa sababu wapo wanaosema Kiswahili hakitoshi kwa teknolojia ya watoto. Kilitosha Tanga.

Hatua ya 5: Keti naye

Hapa ndipo kazi ilipo. Apu bora kabisa, mtoto akiwa peke yake kwenye kona ya kochi, itampa sehemu ndogo tu ya faida yake.

Keti naye, simu iwe chini baina yenu au juu ya mto, yeye ndiye wa kugusa. Wewe kazi yako ni mdomo. Akiburuta samaki kwenye kikapu, usiseme "vizuri" tu. Ongea naye:

"Huyo samaki gani, mwanangu?"

"Mkubwa."

"Mkubwa kama yule changu aliyemleta ami jana?"

"La, huyu mkubwa sana!"

"Basi mpike. Utamtia nini?"

"Nazi."

Ndani ya mazungumzo hayo mafupi kuna kulinganisha ukubwa, kukumbuka jana, na mpango wa kupika. Apu haikuyasema. Ilitoa samaki tu. Ikiwa inazungumza Kiingereza, acha iseme, kisha wewe useme kwa Kiswahili. Mtoto ana nafasi ya lugha zote mbili kichwani, mradi asikie kila moja kwa mtu anayeizungumza kwa uhakika.

Usimkimbilie kumsahihisha. Akiweka pembetatu penye duara, ngoja. Atajaribu tena. Ukishindwa kuvumilia, uliza, "Mbona haiingii?"

Baada ya dakika kumi na tano, hamisha mchezo. Alikuwa akitafuta vitu vyekundu? Sasa aende kutafuta vitu vyekundu sebuleni. Alikuwa akihesabu? Mpe mbaazi ambazo hazijapikwa na bakuli mbili, ukiwa karibu asije akatia puani. Alikuwa akilinganisha milio ya wanyama? Mpeleke dirishani asikilize: kunguru wetu hawakosi.

Kamera ni ya kutoka nayo. Jumapili jioni mkiwa Mama Ngina, kabla ya mihogo na achari, mpe kazi tatu: apige picha ya kitu cha duara, kitu cha samawati, na kitu kikubwa kuliko baba. Mibuyu ya pale itamaliza kazi ya tatu upesi. Fort Jesus mwache apige picha ya mzinga, na mkirudi nyumbani mzitazame pamoja, yeye akisimulia mlianzia wapi mkamalizia wapi. Kusimulia kwa mpangilio ni ujuzi mkubwa kwa mtoto wa miaka minne, na picha zake mwenyewe humshika mkono. Mkiwa kwenye msongamano wa kivuko cha Likoni au Marikiti, simu ikae mfukoni. Hapo mtoto ashikwe mkono.

Kinasa sauti ni cha nyumbani, hasa kukiwa na nyanya. Mwombe atege vitendawili vitano, arekodiwe. Kila kitendawili kikiisha, mtoto asimamishe sauti na kujibu, kisha aendelee kusikia jibu la nyanya. Halafu yeye atege vyake. Vitakuwa havina kichwa wala miguu, na vyote virekodiwe. Stima ikikatika usiku, hii ndiyo apu inayobaki: skrini inazimwa, sauti inabaki, na giza halimtishi tena. Sauti hizo usizifute. Zihifadhi mahali pa pili.

Sasa ile simu ya video. Familia nyingi hapa Pwani zina baba, mama au shangazi Ghuba, na mtoto humjua mtu huyo kwa kioo. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba watoto wa miezi 24 hadi 30 walijifunza maneno mapya kwa mtu aliyezungumza nao kwa video moja kwa moja, lakini hawakuyajifunza kwa video iliyorekodiwa. Tofauti ilikuwa kujibiwa. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani nacho, kinaposhauri skrini ziepukwe kabla ya miezi 18, hutenga mazungumzo ya video. Kwa hiyo iwe ni WhatsApp, imo au Botim, usimwache mtoto akodolee macho huku wakubwa wanazungumza fedha za ada. Mpe zamu yake mwanzoni, dakika tano. Baba afiche uso kwa kofia na kuuliza "Niko wapi?" Mtoto alete kiatu, baba alete chake. Aliyeko Doha asome ukurasa wa kitabu na aliyeko Majengo afunue picha hiyo hiyo. Mtandao ukikwama, mwambie mtoto kwa utulivu kwamba simu imekwama, baba hajaondoka.

Hatua ya 6: Kumaliza bila vita

Kilio cha mwisho wa mchezo mara nyingi huandaliwa mwanzoni. Sema kabla ya kumpa: "Hadithi mbili, kisha tunaweka." Hesabu kwa vitu anavyoviona, hadithi au michoro, maana dakika hazina maana kwake. Ikibaki moja, mkumbushe. Ikiisha, azime mwenyewe na aiweke mahali pake pa kila siku, juu ya kabati au kwenye droo. Mtoto aliyezima kwa mkono wake halii kama aliyenyang'anywa.

Uwe na jambo linalofuata tayari: maji ya kuoga, hamri, mpira, kumsaidia dada kukunja nguo. Na ukisema mbili, ziwe mbili. Ukiongeza ya tatu kwa sababu amelia, umemfundisha kulia.

Jihadhari na kumpa simu kila anapokasirika. Radesky na wenzake walichapisha mwaka 2022 matokeo ya kufuatilia watoto wa miaka mitatu hadi mitano: waliotulizwa mara kwa mara kwa simu walielekea kuzidi kuwa wepesi wa kupandwa na hasira miezi iliyofuata, hasa wavulana na waliokuwa na mihemko mingi tangu awali. Mtoto anajifunza kutulia kwa kutulizwa na mtu. Mbebe, mpe maji, mngoje. Simu ije baadaye, akishatulia.

Hatua ya 7: Patana na walio nyumbani

Kanuni yako haina maana ikiwa yaya anampa simu tangu unapofunga mlango. Keti naye, umwonyeshe apu zilizoruhusiwa, namna ya kubandika, na mahali pa kuweka. Mweleze sababu kwa heshima, kwani yeye ndiye anayekaa na mtoto saa nyingi kuliko wewe. Mwachie pia vitu vya kumchezesha bila simu: makaratasi, rangi, vibao, beseni la maji barazani. Babu na nyanya nao waambiwe kwa adabu, na waombwe mchango wao wa hadithi.

Watoto wa jirani na binamu wakija, simu moja inawatosha wanne, mradi iwe mchezo wa zamu. Mmoja achore, wengine wabahatishe ni nini. Mkubwa wa miaka saba asimshikie mdogo kidole. Mpe kazi ya kuuliza maswali.

Kila mwisho wa mwezi pitia apu zote. Nyingine hubadilika baada ya kusasishwa na kuanza kuleta matangazo ambayo hayakuwepo ulipozipakua, kwa hiyo zicheze tena kidogo. Ambayo mtoto hajaigusa, futa, upate nafasi. Ambayo ameimudu hadi hakosei tena, futa pia na umtafutie ngumu kidogo. Mshirikishe: mwulize ipi ibaki na kwa nini, na ukisikia sababu yake, hata iwe ndogo vipi, iache ile moja aliyoitetea.